Wifi Yangu Alipojifunza Kunyima

Wifi yangu Raijeli ndiye fundi wa mikeka hapa kijijini kwetu, kisiwani Vanua Levu. Lakini kuna miaka miwili maradhi ya huzuni yalimlaza akitazama ukuta. Tulimwombea, tukamwogesha kwa majani. Mimi, kwa ulimi wangu huu, nilimwita mvivu. Najuta mpaka leo.

Nesi wa zahanati akampa vidonge. Vya kwanza vikamtapisha, akabadilishiwa. Wiki ya sita ya hivyo vya pili, akaingia jikoni kwa miguu yake, akafunua sufuria.

"Wifi, huu muhogo umeuchemsha au umeuadhibu? Ndiyo maana hakuna anayekuchumbia."

Nililia kwa furaha.

Sasa, kwetu ndugu akiomba kitu hanyimwi. Ukisifu shati la mtu, utaondoka nalo. Habari zikaenea kwamba vidonge vya Raijeli vinafufua watu. Binamu yake Titilia akaja kuomba, akapewa nusu. Shangazi Kelera, ambaye anaumwa goti tu, akapewa vilivyobaki. Haukupita mwezi, Raijeli akarudi ukutani, na mkeka wa harusi ya bintiye ukabaki nusu. Ilituchukua miezi kumpata tena. Nesi alimwonya waziwazi kwamba dawa ile ni yake peke yake, na asiikatishe.

Mwaka huu mama yangu akafariki. Nikawa naamka nimechoka, chakula hakipiti kooni, hata hamu ya kusengenya ikaniisha. Asubuhi moja nikamfuata Raijeli akisuka, nikamwomba vidonge viwili tu.

"Sikupi," akasema.

Tangu nizaliwe hakuna ndugu aliyewahi kuniambia neno hilo. Hasira zikanipanda. Nikamwita mchoyo, nikamkumbusha nani alimlisha kwa kijiko alipokuwa hajiwezi. Akainuka, akavaa gauni lake la kanisani, akaniletea na langu.

"Vaa. Lori la kwenda zahanati linaondoka sasa hivi."

Nesi aliponiuliza hali hii imeanza lini, nikamjibu ni uchovu tu. Ndivyo nilivyokuwa nimejiapiza kusema. Raijeli akanishika mkono.

"Tangu mazishi ya mama yake," akajibu. "Chakula chake anawapa nguruwe, akidhani sioni."

Nilidhani nimeficha vizuri. Nikaangua kilio mbele ya foleni nzima, naye hakuuachia mkono wangu mpaka nesi alipomaliza kuandika.