Maneno ya Baba Niliyompa Mjomba

Nikipita duka la magunia pale Makutano, harufu ya katani iliyochanganyika na vumbi la viazi hunirudisha nyumbani, na aibu hunijia upya. Nawaambia ninyi kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu.

Baba alilima viazi kule Kibirichia, Meru, na hakuingia darasani hata siku moja. Msimu wa kuvuna ukikaribia, alikaa mlangoni akishona magunia yaliyotobolewa na panya, kwa sindano aliyoitengeneza kutokana na waya wa mwavuli. Nilikuwa darasa la sita mwalimu alipotutuma tuulize nyumbani majina ya vifaa vya shambani yalitoka wapi. Nilimwuliza Baba, na kumbe nilikuwa nimefungulia mfereji!

"Andika, Kendi. Foko, hii ya meno, ilikuja na mzungu, kule shamba ya ngano nikiwa kibarua. Jembe sisi tulikuwa nayo. Tukaunganisha, ikawa fokojembe. Si unaona vile nashona hii kiraka? Na gunia, hiyo tulisikia kwa Wahindi wa duka."

Niliandika mbio mbio. Lakini pale pa kutaja aliyenieleza, kalamu ilikwama. Wenzangu wangetaja baba mwalimu, baba karani. Nikaandika jina la mjomba, aliyefanya kazi ofisini mjini.

Siku ya kufunga shule mwalimu alisoma insha yangu mbele ya wazazi. Baba aliketi safu ya mbele, amevaa koti lenye viraka vilivyoshonwa vizuri kuliko koti lenyewe. Mwalimu alipomsifu mjomba kwa kisomo chake, watu walipiga makofi. Baba naye akapiga.

Njiani nilimfuata nyuma nikingoja kiboko.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ile ya gunia ulisahau."

Nikashusha pumzi. Nilidhani hakuelewa. Tangu siku hiyo, nikimwuliza jina la mmea au la kifaa, alinijibu kwa upole, "Uliza mjomba wako, yeye ndiye anajua." Mimi mjinga nilifikiri amechoka na maswali yangu.

Tulipomzika Baba, niliikuta ile sindano imechomekwa kwenye gunia lililoshonwa nusu. Nikampelekea mjomba, nikamwuliza inaitwaje kwa Kimeru. Aliigeuza mkononi, akanirudishia.

"Hiyo mimi sijui, Kendi," akasema. "Vitu kama hizi, ungeuliza baba yako."