Pete Mdomoni

Mtia pete hakanyagi mwamba wa ndege kabla ya kupiga hodi. Husimama majini, suruali ameikunja hadi magotini, akaita kama aliyefika ukweni, naye Matano mwenye mtumbwi humjibu kwa niaba ya ndege: “Karibu, shemeji, ila chai hakuna!” Vipete vyenye namba, vya kuwatambulia ndege, huviweka mdomoni, maana jua la Msambweni huunguza chuma, naye hataki kumvisha kifaranga kitu cha moto. Humfunika macho kwa kofia yake, akambana kipete mguuni kwa koleo, akamrudisha taratibu kwenye kiota. Kisha huwatafuta wale wa miaka iliyopita, ajue nani angali hai. Zaidi yule wa kwanza, aliyemvisha mwaka wa hamsini na mbili, ambaye hurudi kutaga kando ya jiwe lile lile.

Msimu huu jiwe lilikuwa tupu. Alilizunguka, akaenda, akarudi. Matano alikuwa amekificha kipete cha ndege huyo katika pindo la kikoi. Nyavu za mkwewe Matano zilikuwa zimemnasa ndege huyo huko kisiwani Chale, akafa maji.

“Shemeji,” akasema hatimaye, akikifungua kile kifundo, “usimtafute tena.”

Mtia pete alikisoma, akakisuuza baharini, akakitia mdomoni pamoja na vipya. Akawainamia vifaranga hadi vile vipete vipya vikaisha. Njia nzima ya kurudi Matano alimtania, akamwimbia, akamuuliza habari za nyumbani. Mwenzake alitikisa kichwa tu, shavu moja limetuna kwa kile kipete kimoja kilichobaki.