Mkasi wa Fundi na Korongo Asiyeruka

Fundi wa nguo wa Mbita, mzee aliyenishonea suruali kwa miaka mingi, ametutoka. Binti yake alinipigia simu hapa Migori Jumanne, na Jumamosi nikaenda kumzika. Wasomaji wangu wa zamani hawakuwahi kumwona, lakini kazi ya mikono yake waliisoma katika safu hii bila kujua, kwa sababu mimi niliificha.

Nilipokuwa nikifanya kazi Mbita, niliandika katika safu hii habari za hoteli moja ya ufuoni mwa ziwa iliyofuga wanyama ili kuvutia wageni: kobe, tumbili ndani ya kizimba, na korongo taji watatu, wale ndege warefu wenye shungi la dhahabu kichwani. Kilichonishangaza ni kwamba korongo hawakuwekewa paa wala wavu. Anga lote lilikuwa wazi juu yao, na bado walitembea kati ya meza za wageni. Nikaandika kwa mbwembwe kwamba wamepapenda pale, na wasomaji wakanipongeza. Wiki hiyo hiyo nilimpelekea fundi suruali anipunguzie kiuno. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo hakucheka.

“Omera, ndugu yangu, umeandika ati hiyo ndege inapenda hapo,” alisema. “Haipendi. Ni mimi hukata mabawa. Meneja huniita sababu mkasi yangu ni kali.”

Alinieleza kwamba hukata manyoya ya bawa moja tu, ili ndege akijaribu kupaa aende upande na kuanguka. Manyoya yakiota upya, anaitwa tena. Niliona aibu, lakini sikusahihisha. Nilijiambia ni jambo dogo, na wasomaji walikuwa wamefurahi. Uongo mtamu huo, na niliumeza mwenyewe.

Tangu hapo nimefikiria sana bustani za wanyama. Wafalme wa kale walifuga simba ili wageni waogope. Baadaye wageni wa ng'ambo walikuja kwetu, wakabeba twiga na viboko wakiwa hai melini, wakaenda kuwaonyesha watoto wao siku za mapumziko. Nasi tukajenga vizimba vyetu, tukapeleka wanafunzi kwa basi. Nilikuwa mmoja wao. Nakumbuka simba aliyezunguka njia ile ile mpaka nyasi zikaisha, na mwalimu akituambia ametulia, ameshiba. Tukaandika hivyo madaftarini. Siku hizi wako wanaowatunza wanyama waliojeruhiwa kwa moyo safi, nami siwaweki wote kapu moja. Lakini kila kizimba kilihitaji fundi wa kukifunga na mtu wa kukisifia, na huyo wa pili nilikuwa mimi.

Maji ya ziwa yalipopanda yakaingia hotelini, biashara ikafa. Korongo wawili walikuwa wameshakufa. Maafisa wa wanyamapori waliwachukua tumbili na kobe, wakamruhusu fundi akae na korongo aliyebaki hadi manyoya yaote, kisha ndege aende zake. Manyoya yaliota yote. Ndege hakwenda. Basi kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani, mzee yule alikimbia uani, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, akipiga mikono kama mabawa ili ndege aige. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Korongo alikimbia nyuma yake, mzee akisimama naye akasimama. Alitaka jambo moja tu kabla hajafa: amwone akipaa. Nilimtembelea alipokuwa mgonjwa kitandani, nikamwambia kwamba siku moja nitaandika jinsi alivyompenda ndege huyo.

“Usiandike ati nilipenda,” alinijibu. “Andika ati nilikata.”

Jumamosi tulikuwa tumekaa chini ya hema uani kwa fundi, mchungaji akiomba, korongo wa mwituni walipopita juu wakielekea kwenye matete. Walilia. Yule wa fundi aliinua kichwa, akafungua mabawa yote mawili, mapana, hakuna unyoya uliopungua. Binti wa marehemu alinishika mkono kwa nguvu. Nilisahau kwamba niko katika maombi, nikawa namsihi ndege moyoni. Akasimama hivyo mpaka sauti zao zikapotea. Kisha akakunja mabawa, akaja kudonoa mahindi yaliyomwagika kati ya viti vyetu. Binti alilia, nami nililia naye, na sijui ni nani kati ya wale wawili, fundi na ndege wake, niliyekuwa nikimlilia.

Nilichojifunza ni hiki: nikimwona kiumbe ametulia mahali pasipo kufuli, iwe ndege au mtu, nisiharakishe kuandika kwamba amepapenda. Niulize kwanza ni nini alichokatwa. Fundi alikiri wiki ile ile. Mimi nimengoja mpaka amezikwa. Niliandika hapa kwamba korongo wale walipapenda pale. Hawakupapenda. Walikatwa mabawa, nami nilijua.