Onyo la Kisanduku cha Aina ya Saba

Sethunya Keitseng hakusomea kompyuta. Alisomea ufundi wa redio na friji chuoni Francistown, akaja kusini kutafuta kazi, akaipata kwenye karakana yetu ya Broadhurst, Gaborone, tunapotengeneza visanduku vya kuendesha pampu za visima virefu. Mimi nilikuwa nalehemu upande wa dirishani, yeye akapewa meza ya pili kutoka kwangu, kazi yake kupima visanduku vilivyokamilika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwanamke wa maneno machache, mwenye tabia moja iliyowaudhi watu: akiuliza jambo asijibiwe, kesho yake ataliuliza tena kwa sauti ile ile, kana kwamba jana haikuwapo.

Programu ya visanduku hivyo iliandikwa kwa lugha ya C na mtu mmoja tu, Rra Mogapi, yaani Bwana Mogapi, mzee mkali aliyekunywa chai nyeusi tangu asubuhi hadi jioni. Alimwona Sethunya kila saa ya chakula amesimama nyuma yake anatazama kioo cha kompyuta. Siku moja akamwambia, bila kugeuka, kwamba akisimama hapo bila kuuliza atakuwa anamzibia upepo tu, avute kiti. Akamfundisha miaka minne. Kisha Jumapili moja mzee alianguka kanisani kwa kiharusi, na Jumamosi iliyofuata tukamzika. Jumatatu meneja wetu, Rra Lesole, akamwambia Sethunya ahamie meza ya marehemu.

Alirithi mistari elfu kumi na moja. Programu ilikuwa moja, lakini visanduku vilikuwa aina sita, na marehemu alikuwa ametia masharti humo ndani: kama hiki ni kisanduku cha aina ya pili, chukua mistari hii, kama sicho, iruke. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtu yawe kitu ambacho chipu inakielewa, huambiwa kwanza inajenga aina gani, nayo husoma mistari ya aina hiyo tu. Mingine haijui hata kama ipo. Ikimaliza hutoa maonyo. Kosa hukataza kazi. Onyo huiacha iendelee, likisema tu kwamba mahali fulani pana jambo la kutazamwa.

Siku ya kwanza Sethunya alihesabu maonyo mia sita arobaini na tatu. Rra Mogapi aliyajua maonyo yake kama mtu anavyojua mbwa wa jirani, yupi hubweka bure na yupi huuma. Sethunya hakuyajua, na wa kumwuliza alikuwa kaburini.

Akaanza kuyaondoa moja moja. Alipojenga aina ya kwanza, kompaila ilimwambia kuna jina limewekwa na halitumiki popote. Akalifuta. Alipojenga aina ya nne kazi ikagoma kabisa, kwani huko ndiko jina hilo lilikotumika. Akalirudisha, safari hii ndani ya sharti la aina ya nne peke yake. Ikawa ndivyo siku zote: akituliza hapa, panafumuka kule. Thuso, fundi wetu wa umeme, alimtania kwamba anapiga deki wakati paa linavuja. Baada ya miezi minane maonyo yakaisha katika aina zote sita, na siku hiyo alituletea magwinya ya moto, yale maandazi ya kukaangwa, karatasi nzima imeloa mafuta, akala na sisi huku akicheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka kazini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, shirika moja likaagiza visanduku sitini vya bei nafuu kwa vijiji vya upande wa jangwa la Kgalagadi. Ili bei ishuke, kile kihisi kinachoteremshwa kisimani kupima maji kiliondolewa. Hiyo ndiyo ikawa aina ya saba. Sethunya akaijenga, na kompaila ikatoa onyo moja tu: kuna thamani inasomwa kabla haijawekwa. Akafuata mistari mpaka akaipata. Ilikuwa ile thamani inayosema kama kisima kimekauka. Aina zote sita ziliijaza kutoka kwenye kihisi, kila moja ndani ya sharti lake. Ya saba haikuwa na kihisi, kwa hiyo hakuna aliyeijaza. Kisanduku kingesoma chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu. Alipokijaribu uani, mara pampu iliwaka, mara ilikataa.

Akaenda kwa Rra Lesole. Mlango ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nje nasubiri saini.

“Rra, kisima kikikauka, kisanduku hiki kitajuaje?”

“Wanunuzi ndio waliotaka kihisi kitoke, Mma. Waulize wao.”

“Nimewauliza. Wamesema nikuulize wewe.”

Rra Lesole akauliza kama hilo ni kosa au ni onyo. Akaambiwa ni onyo. Akauliza kama programu inajengeka. Akaambiwa inajengeka. Basi akasema kesho mkaguzi wa shirika anakuja, anataka ripoti isiyo na onyo hata moja, imo kwenye mkataba, na yeye hana siku nyingine ya kumpa. Sethunya akaomba wiki mbili aandike mistari ya kuipumzisha pampu kila baada ya muda, ili hata kisima kikipungua isiungue. Akanyimwa.

Akarudi mezani. Kwanza aliweka moja, maana yake kisima kikavu. Onyo likaondoka, lakini pampu haikuwaka kamwe. Rra Lesole akaja akasimama nyuma yake, akamwambia aweke sifuri. Sifuri maana yake maji yapo, siku zote. Sethunya akaifuta ile moja, akaandika sifuri. Ripoti ikatoka safi. Mkaguzi akaisifu.

Msimu wa baridi ulipita salama. Mwezi wa kumi joto lilipopanda na maji ya ardhini kushuka, simu ya kwanza ikaja, kutoka Mosetlhaneng, mbali kupita Kang. Pampu imeungua. Sethunya akaomba gari, akapewa pamoja nami, na kisanduku kipya ambacho alijua hakitasaidia kitu.

Tulifika mchana. Kwenye birika la ng'ombe palikuwa na tope lililopasuka na mizoga mitatu. Aliyetunza pampu alikuwa Mma Otsile, mama wa makamo aliyevaa koti la mgodini la mumewe. Alitupeleka kwenye kisanduku, akatuonyesha taa.

“Iliwaka kijani muda wote,” alisema. “Nilisikia pampu inalia vingine, kavu kavu. Nikataka kuizima. Wenzangu wakasema, mama wewe, taa ni ya kijani, unaijua kuliko waliotengeneza? Nikaiacha.”

Sethunya akamwambia kwamba sikio lake lilikuwa sahihi na taa ndiyo iliyokosea.

“Nani aliiambia iseme hivyo?”

“Mimi, Mma.”

Mma Otsile alimtazama. Nilitegemea amtukane, na nadhani Sethunya alilitaka hilo. Lakini mama yule aliuliza tu, “Sasa utatufanyia nini?” Pampu mpya ilipaswa kuagizwa nje, wiki sita. Maji yalikuwa yakiletwa na lori mara mbili kwa wiki, ya watu tu, si ya mifugo. Tulifunga kisanduku kipya ukutani, hakina cha kuendesha, tukaondoka. Tulipofika Jwaneng alisema kwamba viko hamsini na tisa vingine.

Zile wiki mbili alizonyimwa alizichukua mwenyewe. Aliandika mistari ya kupumzisha pampu, akaijaribu uani, ikafanya kazi vizuri kabisa. Lakini visanduku vile havina mtandao. Kila kimoja ni lazima kifunguliwe kwa bisibisi na kuunganishwa waya. Rra Lesole alisema hawezi kutoa gari kuzunguka jangwa zima kwa kitu kilichopita ukaguzi. Tukianza kubadilisha, tutakuwa tumekiri kosa. Alisema kwa upole, na nadhani na yeye aliogopa.

Sethunya akachukua orodha ya vijiji, akaanza kupiga simu. Aliwaambia watunza pampu wazime saa sita mchana, wawashe saa tisa, wasiamini taa, wasikilize mlio. Wengine walimshukuru. Wengine walimwuliza yeye ni nani hasa. Namba kumi na saba hazikupatikana. Kila asubuhi alizirudia zile kumi na saba, kwa mpangilio ule ule, na mimi nikilehemu nilisikia sauti ya mtambo ikimjibu kwamba mteja hapatikani.

Pampu kumi na moja ziliungua kabla ya Krismasi. Nilimwuliza kwa nini haachi kazi. Alisema akiondoka, atakayekuja ataikuta programu haina onyo lolote, ataamini ni nzima.

Mvua ilinyesha Januari, maji ya visima yakapanda, simu zikakoma. Rra Lesole akatuambia mkutanoni kwamba suala limefungwa. Sethunya aliuliza juu ya gari. Kesho yake aliuliza tena. Mwezi wa tano alichukua likizo yake, akaazima pikapu ya kaka yake, akafikia visanduku tisa na kuvitia mistari mipya kabla sanduku la gia halijafa nje ya Hukuntsi. Kaka yake bado hazungumzi naye.

Kwa hesabu yake, ukitoa vya pampu zilizoungua na vile tisa, vimebaki arobaini. Sasa ni Septemba. Wiki hii upepo wa joto umeanza kuvuma, na zile namba kumi na saba bado hazipatikani.