Siku Nilipopatana Bei ya Stendi

Mkasa huu mpaka sasa anausimulia mke wangu, na anausimulia vibaya (ananiongezea machozi ambayo sikuyalia), kwa hiyo nimeona bora niuandike mwenyewe, aibu ikiwa bado ya moto, kuliko kuendelea kuusikia kisimani ukiwa umeota mbawa.

Mimi ni muuza kuku wa kienyeji. Nanunua vijijini, nafika mpaka Mungaa, halafu nawauzia wenye mabasi na magari madogo wanaopita barabara kuu, na kila jioni nahesabu matenga yangu mara mbili, maana mara ya kwanza huwa nahesabu kwa matumaini. Katika kazi hii kanuni ni moja tu: ukikitaka kitu, kiponde. Ukimpenda kuku sema amekonda, sema ana mafua, sema hata macho yake hayana raha, huku mkono wako umemkamata miguu barabara. Mwenye kuku naye atamsifia, mtavutana, mtafika. Nimekula kwa kanuni hiyo maisha yangu yote na haikuwahi kunitupa, mpaka walipotuita kutoa maoni kuhusu mpango wa ardhi wa mji wetu.

Mpango wa zamani ulikuwa umepitwa na wakati, mji umetanuka, kwa hiyo ulikuwa unapitiwa upya: wapi watu wajenge, wapi ng'ombe walishwe, wapi mashine za alizeti zikae, na (hapa ndipo roho yangu ilipokuwa) wapi ijengwe stendi mpya. Sehemu zilizotajwa zilikuwa mbili, upande wa Ng'ambo au kwetu Njiapanda. Sasa kwetu, kiwanja changu kimegusana na cha mama mkwe, na vyote vinatazama barabara. Stendi ikija, mama mkwe anajenga vibanda vya kupangisha na kuacha kubeba kuni kwa magoti yale yanayolia kama mlango, na mimi naacha kukimbiza mabasi na kuku mkononi. Isipokuja, tunaendelea hivyohivyo, yeye na magoti, mimi na vumbi.

Mkutano ulikuwa shuleni, nje uwanjani. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasemezani hovyo, maneno yanapitia kwa mke, hata mkiwa mmekaa benchi moja.

"Mama Neema," akamwambia mke wangu, mimi nikiwa pale pale, "mwambie mwenzio akasimame, aseme tunaitaka, basi. Asizungukezunguke."

Nikamjibu mke wangu: "Mwambie mama atulie. Mambo ya kuvutana niachiwe mimi."

Laiti ningemsikiliza.

Afisa mipango miji alikuwa dada mmoja mpole, amebandika ramani kubwa ukutani na kalamu za rangi mkononi. Akauliza wa Njiapanda tunaonaje, stendi ije kwetu? Nikasimama, nikakohoa, nikavaa ile sura yangu ya mnadani.

"Kwa kweli, afisa, kwetu hapafai sana."

Nikanyamaza kidogo, nimpe nafasi ya kupasifia. Hakupasifia. Akasema, "Endelea, baba."

Nikaona huyu mgumu, nikaongeza. Nikasema kule ni mwamba mtupu, ukichimba choo sururu inarudi na cheche. Nikasema kuna upepo mbaya, unavuma mwaka mzima kutoka kwetu kwenda porini. Nikasema watu wenyewe wachache, hata mbwa akipotea hapiti huko. (Nyuma yangu nilisikia benchi la mama mkwe likilia, au labda ni magoti.) Dada wa watu akawa anaitikia kwa kichwa, amefurahi, nami nikajisemea moyoni, amenasa.

"Baba, umenisaidia mno," akasema. "Yaani chini mwamba, maji machafu hayapenyi. Upepo unapeleka harufu porini. Na watu ni wachache."

Harufu? Harufu ya nini tena?

"Tulikuwa tunahangaika wapi pa kuweka dampo la mji."

Lakini mfanyabiashara hachanganyikiwi mbele za watu, na bei ikigoma kuna dawa moja: unaondoka. Unaondoka taratibu, mgongo umenyooka, mwenye mali anakuita, "Wewe, rudi bwana, tuelewane." Basi nikasema, "Haya, kama ndivyo, mimi naenda zangu," nikatoka. Nikapita safu za watu polepole. Hakuna aliyeniita. Kwenye mlingoti wa bendera nikainama kufunga kamba za viatu. (Nilikuwa nimevaa ndala.) Nikafika getini, nikashika komeo, nikasubiri, ndipo nikasikia sauti ya dada yule, tamu kabisa:

"Asante, baba. Sasa tupige kura ya mikono. Dampo Njiapanda, wangapi?"

Nikageuka. Jamani, ilikuwa msitu. Ng'ambo yote imenyoosha mikono, kina mama wanaonyonyesha wamenyoosha mmoja, wazee wenye fimbo wamenyoosha fimbo. Nikahesabu mara mbili, kama kawaida yangu, na mara ya pili nikakuta imeongezeka. Makofi yakapigwa. Dada akachukua kalamu ya rangi ya kahawia na kupaka Njiapanda yote, kiwanja changu, cha mama mkwe, na kibanda cha kuku.

Nilirudi nikikimbia, ndala moja imebaki getini.

"Afisa, simama! Nilikuwa napatana tu!"

"Unapatana na nani?" akauliza, amenitolea macho. "Mimi siuzi kitu, baba."

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ntandu, akaniuliza kwa mdomo wake: "Baba Neema, si umesema mwenyewe ni mwamba?"

"Shikamoo mzee. Nilidanganya."

"Marahaba. Na upepo?"

"Upo, ila wa kawaida."

Kicheko kilichopigwa pale kilifukuza kunguru juu ya bati. Ndipo mama mkwe akasimama, magoti yakilia kweli safari hii, akamtazama binti yake, si mimi.

"Mama Neema, muulize mwenzio, kile kisima changu wanachonywea maji wote hawa kimechimbwa kwenye mwamba gani? Na dampo likija pale, tutachota nini?"

Kicheko kikakatika ghafla, na mikono ikaanza kushuka, kuanzia kwa wale wenye ndoo zao kisimani. Dada akafuta kahawia. Lakini alipofika kwenye stendi alinitazama muda mrefu, akasema rasimu itabandikwa na kila mtu ana nafasi ya kuleta pingamizi, ila kwa leo, kwa maelezo ya wenyeji wenyewe, Njiapanda hapafai. Akaichora Ng'ambo.

Wiki iliyofuata alikuja kwenye matenga yangu. Akachagua jogoo mzuri kuliko wote, akampimapima, akasema, "Mbona huyu amekonda, baba?" Nikatazama mkono wake. Umekamata miguu barabara.

"Kweli, dada," nikasema. "Amekonda. Mrudishe."

Akashtuka. "Aa, baba! Mimi nilikuwa…" Akaishia hapo. Tukatazamana, jogoo akituangalia wote wawili.

Rasimu imeshabandikwa, na siku ya pingamizi inakuja. Nimeapa, nikikitaka kitu tena mbele ya serikali nitasema nakitaka, kwa neno moja, na kukaa. Tena hata hilo neno nimenyang'anywa. Juzi tukila, mama mkwe amemwambia mke wangu atasimama yeye mwenyewe na kusema "tunaitaka", na mimi, sahani yangu ikiwa inagusa yake, nimeelezwa kwamba kazi yangu siku hiyo ni kubeba kiti chake na kufunga mdomo.