Udongo wa Kinyonga

Kilichoninyima usingizi mwezi ule ni udongo. Nililala chali nikijiuliza kama nimeuweka mkavu mno au umeloa mno, kama kina chake kinatosha, kama ningeuchekecha kwanza. Kitabu nilichotoka nacho chuoni kilisema kinyonga jike hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai na kuyafukia. Asipopata udongo unaomfaa huyazuia tumboni, na akiyazuia sana hufa. Kinyonga wangu alikuwa amevimba mbavu kama kifuko kilichojazwa maharage, na hakuwa akishuka.

Hayo yalitokea miaka ya mwanzo ya Uhuru. Nilikuwa nimemaliza chuo, wa kwanza katika ukoo wetu, nikapangiwa kufundisha sayansi katika shule moja pale Karatu. Nilipanga chumba uani kwa mwenye duka mmoja, mzee wa Kiislamu aliyehamia kutoka Kondoa na mkewe. Nyumbani kwetu ni Mbulumbulu, si mbali, mwendo wa lori asubuhi moja barabara ikiwa kavu.

Kinyonga nilimpata kwa wanafunzi. Walimkuta kwenye ua wa shule, na nilipofika walikuwa wameshatuma mmoja wao akalete ugoro wa kumtia mdomoni, waone atageuka rangi gani kabla ya kufa. Nilimpandisha kwenye kijiti nikasema ni wa kufundishia. Nikamfundishia kweli, kipindi kimoja, macho na ulimi na vidole. Kipindi kikaisha, yeye akabaki.

Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya kioo, kwa sababu picha ya kitabuni ilionyesha nyumba ya kioo. Seremala alinikatia vioo vya dirisha nikavibandika pembeni kwa pembeni. Tangu nilipomtia humo, kinyonga aligeuka mweusi, akaachama, akawa anafoka kama chuma cha moto kilichotiwa majini. Nilidhani ni ugonjwa wa kinywa. Nilisoma sura nzima ya magonjwa, nikaanza kujichunguza mikono nisije nikawa mimi ndiye niliyemwambukiza. Ikanijia baadaye, nilipoinama macho yangu yakawa sawa na yake: ndani ya kioo mlikuwa na kinyonga wa pili, mweusi, ameachama. Alikuwa akigombana na sura yake mwenyewe kutwa nzima, na mimi nilikuwa nimempangia chumba na adui.

Tena kioo chenyewe hakikufaa Karatu. Asubuhi ukungu uliposhuka kutoka Ngorongoro kilitoka jasho, na ukungu ulipoondoka jua likakifanya kama chungu kilichoinjikwa jikoni.

Wakati ule Wazungu wa mashamba walikuwa wakifungasha. Mmoja wa upande wa Oldeani aliuza vyombo vyake kwa mnada, na mimi nikanunua kabati lake la kuhifadhia nyama: fremu ya mbao, wavu wa waya pande zote, mlango wenye kitasa cha mbao, miguu minne ya kusimamishwa ndani ya makopo ya maji ili wadudu wasipande. Watu walitazama nikilibeba kichwani kupita madukani.

“Mwalimu,” mwenye duka aliita kutoka kwenye baraza yake, kinyonga akiwa amekwisha kuhamia humo, “kabati la nyama umepata. Na nyama?”

“Nyama iko ndani, mzee.”

Akasogea, akachungulia, akarudi nyuma haraka kuliko umri wake. “Astaghfirullah. Hiyo si nyama, hiyo ni mashaka.”

Kabati lilimfaa. Nilifunga ndani matawi ya mkahawa, membamba chini na membamba zaidi juu, kwa sababu kidole cha kinyonga hushika kitu kinachoenea kwenye kiganja chake. Bakuli la maji hakuligusa kamwe. Nilikuwa nimemwona akilamba umande kwenye majani, basi nikatoboa kopo la maziwa kwa sindano, nikapitisha uzi tunduni, nikaliweka juu ya wavu, maji yakawa yanadondoka kidogo kidogo kwenye majani. Panzi nilikamata nyuma ya shule. Siku za baridi, panzi wakikosekana, nilisimama nyuma ya bucha nikikamata nzi, mwalimu mzima mwenye tai. Ukungu ukiondoka nililitoa kabati uani, nusu juani nusu kivulini, achague mwenyewe. Jioni nililirudisha ndani nikalifunika gunia. Miguu ya kabati haikukosa maji hata mara moja. Siafu wa huku hawaachi kitu chenye mwendo wa polepole.

Mwenye duka alimzoea. “Huyu mpangaji wako,” alisema, “anatembea kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.” Mkewe hakumzoea. Akitoka jikoni na beseni la vyombo alizunguka ua mzima kukwepa upande wa kabati.

Sasa nieleze jambo la dada yangu, maana ndilo nililokuwa nalizunguka kama yule mama na beseni lake.

Dada yangu, anayenitangulia, aliyenibeba mgongoni, alikuwa amezaa mtoto wa kiume Mbulumbulu, na mtoto hakumaliza wiki. Kwetu, mwanamke aliyefiwa na mtoto mchanga hukaa kando. Haazimi moto kwa jirani, hapokei maziwa, hateki maji wakati wengine wapo. Haingii nyumba ya mtu wala mtu haingii kwake, mpaka wazee waseme imetosha, na wazee hawana haraka. Anayekula au kunywa naye anakuwa kama yeye. Mume wake alikuwa amerudi kwenye kazi yake ya shamba la kahawa, analala kambini. Baba yetu alikuwa katekista na kanisani alihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa. Nyumbani hakuyavunja.

Habari aliniletea mama, siku ya mnada wa sokoni, amekaa nyuma ya gunia lake la maharage. Alisema kwa Kiiraqw, lugha yetu, kwa sauti ile ile anayosemea bei.

“Mtoto wa dada yako hayupo tena.”

“Lini?”

“Amekwisha zikwa. Usije kwanza.”

“Yeye yukoje?”

“Amekaa.” Akapangusa mizani kwa kanga. “Ukienda kwake, mwanangu, usipite kwangu. Nina wajukuu wengine ndani.”

Nikasema sawa. Nilingoja nilie, pale mnadani, kisha chumbani. Hakikuja kitu. Nilijihisi kama mguu uliokaliwa vibaya, unaujua upo kwa kuutazama tu. Nikakamata panzi, nikajaza makopo ya miguu ya kabati, nikasahihisha madaftari.

Siku zilizofuata nilifikiri sana, na kufikiri kulinifaa kwa sababu hakukuniacha nifike mahali popote. Nikienda kwa dada, nitakuwa nimemdharau mama mbele ya majirani, na watasema shule imenipa kiburi. Nisipoenda, nimesoma kwa faida gani? Nikienda halafu mjukuu mwingine augue? Nilijua kwamba homa ya mtoto haiji kwa kibuyu cha maziwa. Nilifundisha hivyo darasani. Lakini nikaona pia akilini mama akinitazama ng'ambo ya kitanda cha mtoto huyo, na hapo somo langu lisingenisaidia. Nikajiambia ningoje wazee waseme. Wazee walikuwa wakingoja mavuno.

Ndipo kinyonga akaanza kuvimba, nami nikapata kitu cha kukesha nacho.

Nilitoa rafu ya chini ya kabati, nikaweka karai lenye udongo. Kwanza udongo mwekundu wa mashamba ya Ganako. Hakushuka. Nikachanganya na mchanga wa mtoni. Nikautoa wote nikaweka mweusi, wa chini ya majani yaliyooza. Niliuminya ngumi kuona kama unashikana, nikaunusa, nikaumwagia maji, nikaukausha. Nilimshusha kwa kijiti nikamweka juu ya udongo kumwonyesha. Akasimama hapo anayumba kama jani, jicho moja kwangu na jingine juu, kisha akapanda tena. Akaacha kula. Niliyaona akilini mayai yakimwoza ndani.

Mke wa mwenye duka alinikuta nikichekecha udongo kwa chekecheo nililoazima jikoni kwake. Alisimama upande wake wa ua.

“Mwalimu, hilo chekecheo usinirudishie.”

“Samahani, mama. Nitakununulia jingine.”

“Huyo mdudu ana nini?”

“Ana mimba. Hapati pa kutagia.”

Habari za Mbulumbulu zilikuwa zimefika dukani. Dukani hufika kila kitu pamoja na chumvi.

“Na yule wa kwenu aliyezaa akakosa,” alisema, “umekwisha kumpa pole?”

“Mama amenikataza. Nikienda kwake nisiende kwa mama.”

“Mama yako atakununia.”

“Ndiyo.”

“Kununiwa hakuui, mwanangu.” Akachukua beseni lake, akazunguka kwa njia yake ndefu.

Nilijua amesema kweli. Nilikubali, nikaendelea kuchekecha. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Ukungu ulikuwa umeondoka mapema, nikatoa kabati uani nikakaa mbele yake kwenye kigoda. Kinyonga alikuwa ameshika tawi la juu kabisa, mbali kuliko pote na karai langu. Nikaona ameinua mkia kidogo. Kitu kikadondoka, kikanata kwenye jani chini yake: tone zito, kama ute wa yai, lenye kitu kilichokunjwa ndani. Nikasema basi, ameharibu, anayatupa mayai hewani. Kisha lile tone likajinyoosha. Likatoa mkono. Likapasua utando, likashika ukingo wa jani, na hapo kwenye jani alikuwa kinyonga mzima, mwenye macho yanayozunguka, si mrefu kuliko ukucha wangu mara mbili.

Wa huku kwetu milimani hawatagi. Baridi ya Ngorongoro ingeua mayai ardhini, basi mama huyabeba mpaka mwisho. Hayo nilikuja kuyasoma miaka mingi baadaye, katika kitabu kingine. Kile cha kwanza kilikuwa kimeandikwa juu ya vinyonga wa nchi za joto, nami sikuwahi kufikiri kwamba kinyonga wa ua wa shule yetu angeweza kuwa tofauti na wa kitabuni. Nilikuwa nimefikiri mengine yote.

Kinyonga wangu alitembea tawi kwa tawi akidondosha mmoja hapa na mmoja pale, bila kugeuka nyuma. Wengi waliamka. Mmoja alinata kwenye jani la chini akabaki amekunjwa. Nilichukua unyasi wa ufagio nikauchana utando wake. Nikamgusa. Nikamgusa tena. Mama yake alipita juu yake, mguu mmoja baada ya mwingine, akaendelea.

Nilikaa pale na unyasi mkononi mpaka jua likafika upande wangu. Sikulia. Ila nilihisi baridi ya kigoda, na nilikumbuka kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimehisi kitu nilichokalia.

Kisha nikaanza tena kufikiri, kwa kuwa sikujua njia nyingine. Watoto hawa wangepenya tundu za wavu kabla ya jioni. Wangehitaji nzi wadogo kuliko ninaoweza kuwakamata. Ilinipasa kuwaachia mahali penye vichaka, penye ukungu huu huu, na pasipo watoto wa watu wenye mawe na ugoro. Ua wa shule haufai. Uani hapa haufai. Mashamba ya Ganako yamejaa wachunga mbuzi. Nilipitisha akilini kila ua niliojua, na ua wenye vichaka usiokanyagwa na mtoto yeyote ulikuwa mmoja tu.

Nililifunga kabati kwa kanga ya zamani ili tundu zizibike. Mwenye duka alinisaidia kulipandisha kwenye lori lililokuwa likirudi Mbulumbulu tupu kwenda kupakia ngano.

“Unahama na mpangaji?” aliuliza.

“Ninakwenda kwa dada yangu.”

Hakutania. Mkewe alileta sukari iliyofungwa kwenye karatasi, akaja moja kwa moja, akapita karibu kabisa na kabati. “Mpelekee,” alisema.

Njia ya kwa dada inapita mbele ya nyumba ya mama. Mama alikuwa nje anapepeta. Niliamkia kutoka njiani, kabati kichwani. Aliona ninakoelekea, ungo ukasimama. Hakuitikia, na sikungoja.

Dada alitoka mlangoni akaniona, akarudi hatua, akanyoosha kiganja kunizuia. Alikuwa amekonda usoni.

“Mama amekuona?”

“Ameniona.”

“Na hicho ni nini, mdogo wangu? Umeniletea jeneza?”

“Kabati la nyama. Lina vinyonga.”

“Watu huleta unga,” alisema, na pembe ya mdomo wake ikasogea.

Tuliwaachia kwenye ua wa nyuma, tawi baada ya tawi. Nilidhani atakataa kuwagusa, lakini alishika matawi mwenyewe, akayachomeka kichakani kwa uangalifu. Alipofika kwenye jani lile la chini akauliza, “Na huyu?”

“Huyo hakuamka.”

Alichimba kidogo kwa kidole chini ya kichaka, akamweka, akarudishia udongo. Hakuupima wala kuuchekecha.

Tukaingia ndani. Aliniwekea kigoda, akachukua kibuyu cha maziwa ya ng'ombe wake, akanywa peke yake, kama alivyozoea, akiwa amegeukia ukutani ili nisilazimike kukataa. Nilinyoosha mkono. Aliutazama ule mkono, kisha mlango, kisha mimi.

“Ukinywa hutaingia kwa mama.”

“Najua.”

“Umefikiri?”

“Nimefikiri sana.”

Nikakipokea kibuyu. Maziwa yalikuwa ya vuguvugu, yana ladha ya moshi. Nikanywa, nikamrudishia, akanywa, akanipa tena.