Mashine ya Mawese ya Mama Asifiwe

Tulinagwe alizaliwa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi ambako mtu hufika kwa mtumbwi, akaolewa Katumba Songwe na Nelson, mkulima wa mpunga, mtu mpole asiyejua kugombana. Mikono ya Tulinagwe ilizoea udongo, lakini ukweni kulikuwa na michikichi, basi akajifunza kuchemsha chikichi na kukamua mawese. Miaka sita alizitwanga kwenye kinu mpaka mabega yakavimba. Ndipo akajiunga na wanawake wengine wanne, wakakopeshwa na taasisi moja ya mikopo, naye akanunua mashine ya kukamulia, chuma kizito cha kuzungushwa kwa mkono. Akaifunga kwa nati juu ya zege uani kwake.

Mkopo ule ulikuwa na sharti: mmoja akishindwa kurejesha, wanne wanamlipia, kisha wanachukua chochote alicho nacho. Mwaka uliofuata Nelson aliugua ini, tumbo likajaa maji, na Tulinagwe akaacha kazi amuuguze. Wiki ya tatu bila marejesho, wenzake walifika wakiongozwa na mwenyekiti wao Veronika, mwanamke mrefu aliyeuza mchele Kasumulu. Hawakutukana. Walimnyanyua mgonjwa wakamlaza kwenye mkeka, wakachukua godoro lake, redio na masufuria mawili. Tulinagwe aling'ang'ania godoro, na Veronika akamzaba kofi lililomwangusha kizingitini.

"Mama Asifiwe, mimi nina watoto wanne," Veronika alimwambia. "Hawatalala njaa kwa sababu mumeo anaumwa."

Mashine waliiacha, kwani bila hiyo wasingelipwa kamwe. Siku kumi na moja baadaye Nelson akafa palepale kwenye mkeka.

Matanga yalipoanuliwa, Ezekiel, kaka mkubwa wa marehemu, alimjulisha Tulinagwe kwamba ukoo umemkabidhi yeye nyumba, shamba na mjane. Tulinagwe alikataa kurithiwa. Ezekiel akasema basi arudi kwao Ikombe na nguo alizovaa. Hakurudi. Alikamua mawese kwa hasira, alfajiri mpaka jioni, na kabla ya miezi minne kwisha alikuwa amelipa malimbikizo yote, akamlipia na Asifiwe, binti yake, ada ya bweni.

Asubuhi moja ya masika alikuwa akiengua mawese yanayotokota kwenye pipa. Ezekiel akaingia uani na vibarua wawili, guta, spana na panga. Hakumsalimia. Aliwaonyesha wale vibarua mashine, wakainama kufungua nati. Tulinagwe alieleza kwa upole kwamba mashine haikununuliwa kwa fedha ya Nelson, ni ya mkopo, na deni halijaisha. Ezekiel akajibu kuwa mwanamke aliyetolewa mahari hana mali. Hapo Tulinagwe akaukamata mpini wa mashine kwa mkono wa kulia.

"Toa mkono, shemeji."

"Sitoi."

Panga lilishuka. Kwanza hakusikia maumivu, alisikia chuma kikigonga chuma, akaona vidole vyake viwili vimeanguka kwenye makapi ya chikichi. Vibarua wakatupa spana wakakimbia. Ezekiel alipoinua panga tena, Tulinagwe alichota kopo la mawese kwa mkono wa kushoto akammwagia usoni na shingoni. Ezekiel alipiga yowe, majirani wakadhani kuna nguruwe anayechinjwa.

Ilikuwa siku ya marejesho, na wenzake walikuwa tayari njiani. Veronika alitangulia kuingia. Aliona damu, akaona nati zimelegezwa, akauchukua mchi ulioegemezwa ukutani. Alimpiga Ezekiel magotini mpaka mfupa ukalia, na wale watatu wakamkanyaga alipoanguka. Mtu barabarani akapaza sauti kwamba kuna mwizi. Wanaume wakaja mbio kutoka mashambani wakiwa na mawe, na mwendesha bodaboda mmoja akaleta chupa ya petroli. Ezekiel alikuwa akitambaa kwenye tope, ngozi ya shingo imechunika, akimwita mama yake.

Tulinagwe alikuwa ameufunga mkono kwa kanga. Alitamani Ezekiel afe, na baadaye hakulificha jambo hilo kwa yeyote. Petroli ilipoanza kummiminikia Ezekiel mgongoni, Tulinagwe bado alikuwa akikaza fundo la kanga. Kisha akatazama moto uliokuwa ukiwaka chini ya pipa lake.

"Msimchomee hapa," alisema. "Nikiwa na maiti uani, nitakamulia wapi?"

Veronika akamnyang'anya yule mwendesha bodaboda chupa.

Wote wawili walipakiwa kwenye guta moja, lile lile alilokuja nalo Ezekiel, wakapelekwa kituoni kuchukua fomu za matibabu, kisha hospitali. Veronika alikaa katikati yao na mchi mapajani. Njiani Ezekiel aliomba maji, na hakuna aliyempa.

Mahakama ilimfunga Ezekiel miaka mitano. Veronika naye alipigwa faini kwa ule mguu aliouvunja, akailipa bila kumwomba mtu mchango. Mama mkwe alimfukuza Tulinagwe kaburini kwa Nelson kwa mawe, na mpaka leo hajakanyaga tena pale. Alhamisi ya kwanza baada ya kutoka hospitali, wenzake wanne walikuja, wakampa pole, wakala ndizi alizopika jirani, kisha wakadai marejesho ya wiki mbili walizomlipia. Aliwachukia siku ile kuliko alivyomchukia Ezekiel. Lakini alilipa, na akajifunza kuzungusha mpini kwa mkono wa kushoto.

Mwaka jana maafisa wa taasisi walimtembelea, maana sasa ana mashine mbili na wanawake watatu anaowalipa. Walitaka picha ya kubandika ofisini. Walimsimamisha kando ya mashine, na mpiga picha akamwomba kwa heshima auweke mkono wa kulia nyuma ya ndoo. Tulinagwe akawaambia wakapige picha ya mtu mwingine, akarudi kwenye pipa, kwani moto ulikuwa umezidi.